Rangi ya Mtungi

Jumatano

Kumbe anazijua. Tangu mwalimu wa nasari aniambie Neema hajui rangi hata moja, nimekuwa nikiogopa kichwa chake kina shida.

Leo nikisonga ugali, alikuwa kwa simu yangu, kwa ile gemu ya kujenga nyumba. Anachuma maua, anayasaga apate rangi, anapaka bloku zake. Nikamuuliza anatafuta nini tena.

"Ya mtungi, mum. Ya mlango wa Mama Otieno ziko mob, nyingi sana."

Nikachungulia. Ukuta wote buluu, kama huo mlango wa jirani yetu. Na maua aliyokuwa akifuata ni ya manjano, kama mtungi wetu wa plastiki wa maji.

Nilicheka mpaka ugali ukashika sufuria.

Ni majina tu hana. Kesho tukienda kuchota maji, tutaanza na mtungi.