Nilikuwa Nangoja Apige Nduru

Jumanne, jioni. Mvua ya mawe imechapa michai mchana, na sasa baridi imeingia mpaka mifupani. Sijala. Hata chai naona siistahili.

Leo nimekaribia kumpoteza mama wa watu.

Muhula huu wote chuoni tumekuwa tukijifunza kuzalisha kwa ile miwani mikubwa. Unaivaa, na yule mwanasesere wa mpira pale mezani anageuka mama mzima, anatoka jasho, anakutazama. Mwalimu yuko Nairobi, lakini anaiona mikono yako na kukusahihisha papo hapo. Mama wa miwani akianza kuvuja damu hupiga nduru, nami huruka. Nilisifiwa mbele ya darasa zima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaanza kutembea kama daktari mkuu.

Asubuhi, hospitalini, niliachiwa Chebet, mama aliyekuwa ametoka tu kujifungua. Kazi yangu ilikuwa kumpapasa tumbo na kuangalia damu kila baada ya muda mfupi. Niliangalia mara moja. Baadaye nikamwuliza tu kama yuko sawa, akaitikia kwa kichwa, nikaendelea kujaza faili. Ametulia, nilisema moyoni.

Sista Rhoda, muuguzi wa zamu, alipita akainua blanketi. Shuka lilikuwa limelowa damu.

"Wewe! Ulikuwa unangoja apige nduru?" aliniuliza, mikono yake tayari inalikanda tumbo.

Ndiyo. Nilikuwa nangoja.

Sindano, dripu, mbio. Damu ikakoma. Ameponea, namshukuru Mungu.

Siwezi kuilaumu miwani. Walioitengeneza hawaijui Bomet. Mimi nimezaliwa hapa. Huku kwetu mwanamke husifiwa kwa kuzaa kimya. Nyanya bado hutamba kwa majirani kwamba mamangu alinizaa bila kutoa sauti. Nilijua haya yote, na bado nikauchukua ukimya wa Chebet kuwa uzima.

Mchana nilirudi kumwona. Midomo ilikuwa imempauka. Akanishika mkono.

"Kongoi, daktari. Nilisikia kizunguzungu, lakini nikaona uko na kazi mingi. Sikutaka kukusumbua."

Ananishukuru! Nami nikatabasamu, nikazipokea shukrani zake kana kwamba ni haki yangu. Hilo linaniuma kuliko lile shuka.

Kesho, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, nitamwambia kwamba nilikuwa hapo kando yake na sikumwangalia. Akasirike, ana haki.

Kisha nitamwomba, akizaa tena, atusumbue.