Giaboksi Tuliyobishania

Mpendwa shemeji Okoth,

Gari linatembea. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza nimeamkaje. Giaboksi imekaa, klachi inashika, propela, ule mhimili wa kupeleka nguvu kwa magurudumu, haitetemi. Nilimaliza peke yangu. Nakuru hii yote, kutoka viwandani mpaka Lanet, nionyeshe fundi mwingine wa umri wangu anayeweza kulala chali chini ya gari wiki tatu na ainuke kazi imeisha. Hakuna. Unajua hakuna.

Lakini sina furaha nalo. Hasira pia sina. Nakunywa chai, nikimaliza ndiyo nakumbuka sikuweka sukari.

Unakumbuka siku Bwana Harjit wa duka la hardware alipolileta? Ilikuwa kabla ya kura. Lilikuja juu ya trela, kigari cha viti viwili, bodi ya faiba, jepesi mpaka mimi na wewe tuliinua nyuma yake bila jeki. Na kasha la mbao kando: giaboksi ya mashindano kutoka ng'ambo, ile ambayo gia zinafuatana kama ngazi, moja, mbili, tatu, huwezi kuruka hata moja. Harjit akasema garage mbili za Nairobi zimekataa hiyo kazi. Nikamwambia, "Kosa lako ni kuanzia Nairobi." Ulicheka mpaka ukaweka kikombe chini. "Shemeji, hata sanduku hujafungua!"

Tulipofungua, mashimo ya giaboksi na ya injini hayakulingana hata moja. Ukaanza kupima na vidole kabla ya kupima na kifaa, vile baba yako alivyokufundisha alipokuwa karakana ya reli. Ukachonga sahani ya chuma ya kuunganisha hivyo vitu viwili, siku nne kwa leith, ile mashine yako ya kuchonga chuma, na kila jioni unaifunika na gunia. Nikakuuliza, "Unafanya kazi ama unapika chapati?" Hukuinua kichwa. "Chapati ikipinda unakula tu. Hii ikipinda unene wa unywele, giaboksi inajitafuna."

Halafu ikaja habari ya mkono wa gia. Wewe ulitaka dereva akivuta, gia ipande, akisukuma, ishuke. Mimi nikasema gari linaenda mbele, basi mkono uende mbele. Mbele ni mbele. Ukaniketisha ndani, ukanisukuma mabega kutoka nyuma. "Umekanyaga breki. Mwili unaenda wapi?"

"Hauendi popote. Nimejishikilia."

"Mzee, hata uwe mkaidi namna gani, mwili utaenda mbele na mkono utaufuata. Kwa hivyo mbele iwe ya kushuka."

Wambui alikuwa amesimama hapo na kapu la chakula. Akakwambia, "Baba Achieng, achana na kaka yangu. Huyu tangu tukiwa watoto hajawahi kukosea, ni dunia inakosea." Tukacheka sisi watatu. Nikala githeri ya dada yangu. Ulipoenda kunawa mikono, nikafunga kile chuma cha kuunganisha mkono wa gia na giaboksi upande wangu, mbele iwe ya kupanda.

Kisha kura, kisha matokeo, kisha majirani wakaanza kuulizana nani ametoka wapi. Wewe uliyezaliwa kwa nyumba za reli hapa hapa ukaambiwa uende kwenu, mahali hujawahi kulala wiki mbili mfululizo.

Ile Alhamisi ulikuja ukasema Wambui amefunga vitu, na wapangaji wa ploti yenu wanaenda kukaa kituo cha polisi mpaka mambo yatulie. Hukuniambia mnaenda. Uliniuliza, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Na mimi nilikujibu nikiwa chini ya gari, sikutoa hata kichwa. "Kaa tumalize hii kitu. Mimi najulikana hapa. Nani atagusa dada yangu?"

Ukakaa.

Jumamosi tulikuwa tunapima propela tulipoona moshi upande wa ploti. Sikumbuki vile tulikimbia. Nakumbuka Wambui amesimama barabarani na sufuria tupu mkononi, kichwa kimejaa majivu. Sikuwahi kukwambia hii: niliwaona waliochoma nyumba yenu. Wawili niliwahi kuwatengenezea pikipiki. Mmoja akanipisha njia. "Mzee, wewe pita, hatuna shida na wewe." Nikapita. Sikusema neno. Mimi ninayeongea mpaka watu wananikimbia, nikapita.

Siku lori lilipokuja kuwachukua, Wambui hakuniangalia. Wewe ulinipa mkono, ukasema, "Zile bolti za sahani, uzikaze tena injini ikishapata moto." Basi. Hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho, na bolti nilikaza.

Mwezi wa tatu nilitoa gari barabarani. Harjit alitaka kuleta dereva wake, nikakataa, nani ataendesha kazi yangu kabla yangu? Nikapita Bahati, giaboksi inalia kama kinu cha posho, gia zinaingia moja baada ya nyingine, nikajisifu mwenyewe hapo ndani. Kwa ule mteremko wa Subukia, kona ya pili, nikakuta ng'ombe. Nikakanyaga breki, nikitaka gia ishuke. Mwili ukaenda mbele. Mkono ukaenda nao. Gia ikapanda, injini ikaacha kushikilia gari, likachapuka. Nikatoka lami nikaingia shamba la mtu.

Ng'ombe hakuguswa. Gari lilivunjika taa tu. Mwenye shamba, mama mmoja, alikuja na jembe begani.

"Mzee, umeumia?"

"Hapana."

"Sasa mbona hutoki? Unangoja nikupandie mahindi hapo?"

Nilikuwa nimeshika ule mkono wa gia, navuta, nasukuma, navuta, nasukuma, kama mtu ambaye akili haiko hapo.

Nilirudi garage nikahamisha kile chuma upande wako. Dakika ishirini tu, shemeji. Sikujua kitu kinaweza kunyooshwa kwa dakika ishirini.

Ulikuwa sawa kwa mambo ya gia. Na Alhamisi ulikuwa sawa pia. Mngeondoka siku hiyo, mngeenda na vitanda vyenu, na cherehani ya Wambui, na picha za watoto. Mlikaa kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikosea. Sikumpa mtu aniandikie barua hii, ingawa mkono wangu ni mzito kwa kalamu, kwa sababu hilo neno singeweza kulisema mtu akinisikiliza.

Leith yako iko salama, nimeipaka grisi, hakuna anayeigusa. Watu wakiniuliza fundi wangu yuko wapi, nawajibu ametoka kidogo. Nasema hivyo halafu naendelea na kazi. Silii. Ningelia pengine ningelala vizuri. Simu ya Wambui inaita mpaka inakata, na kesho yake napiga tena.

Sikwambii urudi. Sina hiyo haki tena. Barua hii nampa yule dereva wa lori, yeye anajua mahali aliwashusha. Ikifika, msomee Wambui. Akikataa kuketi, msomee akiwa anapika. Hayo ya gari uyaache, soma tu pale niliposema nilikosea. Kisha umuulize kama naweza kuja.

Akisema nije, niandikie jina la mahali pa kushukia basi. Umekuwa shemeji yangu miaka yote hii na kwenu sijawahi kuuliza ni wapi.

Ni mimi,
kaka yake Wambui