Leso ya Njano Makutano

Makutano, Meru
6 Mei 2024

Mume wangu Idrisi, roho yangu,

Salaam aleikum. Hujambo huko Embu? Unakula vizuri? Mimi ni mzima, ila kitanda ni kikubwa mno bila wewe. Tangu harusi naamka nikicheka peke yangu. Mama anasema nitazoea. Sitaki kuzoea! Barua hii nampa Kaberia wa lori, maana simu haitoshi kwa mapenzi yangu.

Nimeanza kupanga mandhari za ule mchezo wako wa kurusha ndege. Kompyuta imejaa mpaka inakoroma. Kwenye orodha ya folda, viwanja vya ndege nimeviweka juu, nyumba chini yake, ardhi chini kabisa, kama ulivyonifundisha, ili kitu kisifunike kingine. Lakini mpenzi, kuna folda inaitwa "Rwamba". Rwamba ni nani?

Mkeo,
Zuleka

Embu
9 Mei 2024

Zuleka wangu,

Wa aleikum salaam. Mimi mzima, ila pilau ya hoteli si kama yako. Spea za magari dukani zinauzika. Rwamba ni msichana wa duka la jirani, anatengeneza kompyuta. Hiyo miti na nyumba za mchezo ni kazi yake. Fundi kweli! Jioni tukifunga duka tunakaa tukizitengeneza pamoja. Folda yake usiiguse.

Mumeo,
Idrisi

Makutano, Meru
11 Mei 2024

Idrisi,

Salaam. Natumaini u mzima, maana naona jioni zako ni tamu.

"Fundi kweli!" Mimi nilipokupikia biriani ya kwanza ulisema "si mbaya". Nimeosha vyombo nikivigonga mpaka Mama akauliza vimenikosea nini. Eti nisiiguse? Nimeigusa. Nimeifuta, na pipa la taka la kompyuta nikalimwaga. Sasa nafasi ni tele.

Mkeo (bado),
Zuleka

Embu
24 Mei 2024

Zuleka,

Salaam. Sijambo. Nilinyamaza kwa sababu nilikasirika, nikaogopa kuandika neno baya.

Fungua mchezo uruke kutoka Embu hadi Meru. Ukifika Makutano, pale penye nyumba yetu utaona nyasi tupu. Nyumba ilikuwa ndani ya folda hiyo. Ilikuwa zawadi yako ya Idi. Nilitaka nikupeleke nyumbani kwa ndege. Labda Rwamba amebaki na nakala. Nambari yake iko nyuma ya karatasi hii. Mwombe wewe mwenyewe.

Mumeo,
Idrisi

Makutano, Meru
2 Juni 2024

Idrisi wangu, nuru yangu,

Salaam aleikum. Hujambo? Mwili wangu mzima, aibu ndiyo inauma. Kila siku nilishika simu nikaiweka. Jana nikapiga.

"Ni wewe Zuleka wa leso ya njano?" Rwamba akacheka. "Dada, mume wako amenichosha! Kila nikiipaka rangi anasema, 'Siyo njano hiyo, angalia picha ya harusi tena.'"

Akanitumia folda hapo hapo. Mara ya kwanza niligonga Mlima Kenya, usicheke. Mara ya pili nikafika. Nikaona paa letu la bluu, tangi la maji, na leso yangu imeanikwa kwenye kamba. Nililia mpaka Mama akadhani kuna msiba.

Rwamba ana roho nzuri. Nimemkaribisha Idi, aje na mchumba wake. Kama hana, nitamtafutia.

Nyumba yetu nimeitoa kwenye folda ya Rwamba, nikaipa folda yake yenyewe, juu kabisa. Rwamba yuko chini. Si wivu, mpenzi. Ni wewe uliyenifundisha kitu kisifunike kingine.

Mkeo,
Zuleka