Watoto wa Ijumaa

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti lako limepoa kidogo, na kwamba shemeji bado anakupikia chai, hata kama ni ile yake ya maji matupu. Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka, dada. Nikifika nyumbani hata kuvua viatu kunanishinda.

Barua yako ilinichekesha. Unasema huko kwenu, miaka yote uliyozalisha, Jumapili na Jumanne zilikuwa sawa, watoto wanakuja wanapojisikia. Mimi nimehesabu watoto kwenye kitabu chetu cha mwezi uliopita: Ijumaa arobaini na wawili, Jumapili tisa. Daktari wetu akiulizwa hujibu kwamba hata watoto wanajua siku za mapumziko. Ukweli ni kwamba upasuaji na dripu za kuanzisha uchungu hupangwa siku za kazi, maana Jumamosi na Jumapili hubaki mkunga mmoja na vitanda kumi na vinne.

Sasa kuhusu binti yako. Ulimwandikia kuwa mapafu ya mtoto yalikuwa dhaifu kwa sababu alibeba ndoo za maji akiwa na mimba yake. Ameamini. Kila akimnyonyesha anamwomba mtoto msamaha, na mimi nipo pembeni nakunja nepi.

Dada, ndoo hazina kosa. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio, kwa hiyo upasuaji ulikuwa lazima, lakini si Ijumaa ile. Mimba ilikuwa na wiki thelathini na tano, mapafu bado hayajakomaa. Mimi, kwa mkono wangu, niliandika thelathini na nane ili aingie kwenye orodha ya upasuaji. Nilijiambia nahofia uchungu usije ukamshika Jumapili, daktari hayupo. Hofu hiyo ilikuwepo kweli. Lakini nilikuwa nimefanya kazi wikiendi tano mfululizo, nikatamani Jumapili moja tu ya kulala bila kuitwa. Na nililala. Mtoto yuko kwenye oksijeni, mimi nimelala mpaka saa nne asubuhi.

Siku kumi na moja alisaidiwa kupumua. Sasa yuko hapa nyumbani, ananyonya vizuri.

Leo asubuhi nimemweleza binti yako. Kesho namweleza daktari. Binti yako hakunitukana. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Tafadhali mwandikie tena, umtake radhi kwa yale ya ndoo. Radhi yangu nitaiomba mwenyewe, akifungua mlango.

Msalimie sana shemeji. Ukinikasirikia, una haki.

Ni mimi mdogo wako,
Mkunga