Nguo ya Majani ya Mwarobaini

Chanderi,
Jumatatu, baada ya sala ya alasiri

Kaka yangu Ishtiyaq,

Assalaam aleykum. Nakusalimu wewe, namsalimu wifi yangu Farzana, na watoto wote wawili nawabusu kwenye paji la uso, hata yule mkubwa anayejiona siku hizi ni mtu mzima. Mmeamkaje huko Surat? Na sikio lako la kushoto, yale matone ya daktari yamesaidia, au bado mashine za kiwandani zinaunguruma humo hata siku ya mapumziko? Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Baba anakula, anakwenda msikitini bila fimbo, na kila asubuhi anailalamikia chai yangu, basi ujue ni mzima.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu unaweka sauti juu ili usikie, na nyumba nzima inasikia. Haya ni yako kwanza. Ukishasoma, utaamua mwenyewe nani mwingine ayajue.

Ulipokuja kumzika Mama ulikuta kitanda cha kufumia kimefunikwa mbao, na juu ya mbao magunia ya ngano. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Kwa nini mtu afume sari kwa wiki tatu, na mashine inatoa inayofanana nayo kabla ya chakula cha mchana? Basi mwaka juzi akaja mwanamke kutoka Delhi, Bi Vasundhara, mshonaji wa nguo za fahari. Alivaa viatu vya vumbi na nywele zake zina mvi asizozificha. Akasema anatafuta kitambaa cha mkono, chembamba, cha hariri na pamba, ashone sari na makoti marefu ya wanawake wa Delhi, na wengine awapelekee hadi Paris. Wanawake hao, akasema, wamechoka kuvaa kitu ambacho mashine inaweza kukitoa. Baba akamjibu, “Mama, mashine inaweza kila kitu, isipokuwa kukosea vizuri.” Yule mama akacheka mpaka akakaa chini.

Akaomba kuona nguo za zamani. Nikafungua sanduku la Mama, na chini kabisa akakikuta kile kipande chako. Ndiyo, kaka, Baba hakukitupa. Ni ile nguo uliyokuwa ukiifuma mwaka ule, nyuzi za mtande wake zikakutwa zimekatwa, Baba akakupiga kofi mbele ya majirani, na jioni ileile ukaondoka. Hata mikono miwili haifiki, lakini yale majani yako ya mwarobaini yanayoanguka upandeupande, kila jani na uzi mmoja tu wa zari, yamo yote. Bi Vasundhara alikipeleka mlangoni penye mwanga akayafuata majani kwa kidole, moja moja. Kisha akauliza nani kafuma. Baba akasema, “Mtu mmoja aliyekuwa akikaa hapa,” akatoka kwenda kutawadha, na adhana ilikuwa bado.

Huo ndio mchoro alioutaka, si mwingine. Baba alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema mikono yake inatetemeka, atafuma nani? Nikasema mimi. Akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anasoma. Unamjua, katika nyumba yetu mwanamke anazungusha uzi kwenye vijiti, basi. Lakini alikuwa hana mwingine, na mimi nimekaribia miaka thelathini, posa zimepita mlangoni bila kuingia, sikuwa na cha kuogopa. Tukahamisha magunia, tukang'oa mbao, nikashuka kutia miguu kwenye shimo la kitanda.

Miezi mitatu ya kwanza nilifuma na kufumua. Baba alikaa nyuma yangu amefumba macho, anasikiliza mapigo ya kitanda. Nikikosea, anasema tu, “Rudi.” Shangazi Bilqis wa nyumba ya pili alikuwa akichungulia dirishani, “Wewe Tarannum, ukiimaliza hiyo sari wajukuu zangu watakuwa na wajukuu!” Lakini mwezi wa nne Baba alikaa siku nzima asiseme neno. Jioni nikamuuliza kama alilala. Akasema hapana, alikuwa anasikiliza.

Wiki iliyopita tulialikwa Delhi kwenye maonyesho ya Bi Vasundhara. Baba alivaa koti lake refu la harusi, ile sherwani inayonuka karafuu za sandukuni. Tuliketishwa mstari wa pili. Wakaanza kupita wale mabinti warefu wanaovaa nguo ili watu wazione, hakuna hata mmoja anayetabasamu, na Baba akaniinamia, “Hawa watoto nani kawaudhi?” Nikamwambia ndivyo wanavyofundishwa. Akasema, “Basi wangefundishwa pia kula.”

Kisha ikapita nguo yetu. Sari, na juu yake koti refu jepesi, majani yakianguka kutoka begani hadi kwenye pindo. Yule binti alipotembea, kaka, kitambaa kilikuwa kinachelewa nyuma yake kidogo, kama kina nia yake chenyewe. Sijui kulielezea jambo hili. Tumezaliwa tunaona nguo zetu zimekunjwa kwenye karatasi, zikiondoka. Sikuwahi kuona moja ikitembea.

Mwishoni Bi Vasundhara alituita mbele, akampa Baba kipaza sauti ataje jina la fundi. Nilidhani atataja lake. Alisafisha koo, akasema, “Aliyefuma ni binti yangu huyu, Tarannum. Na mchoro ni wa mwanangu, Ishtiyaq.” Miaka kumi na minane nilikuwa sijalisikia jina lako mdomoni mwake. Hata kwenye maziko ya Mama mlisimama safu moja ya sala msitazamane.

Watu walipiga makofi. Mimi nililia, wakadhani ni furaha.

Asubuhi tukiwa kwenye treni ya kurudi, Baba alikuwa anamenya chungwa. Akasema kwa upole, bila mimi kumuuliza, “Nilimsamehe zamani. Kijana akiwa na hasira hukata hata kisichopaswa kukatwa. Nilikuwa nangoja tu aombe.” Akanipa nusu ya chungwa. Nikaishika tu mkononi.

Kaka, mtande ule niliukata mimi.

Ilikuwa Ijumaa, mko msikitini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa nimezungusha uzi wenu tangu nina sita, na nilitaka mara moja tu kukaa pale. Nikakaa. Nikapitisha uzi wa mshindio mara tatu, vizuri kabisa. Mara ya nne kile kijiti cha mshindio kikanasa katikati ya nyuzi, nami nikavuta ubao wa kupigia kwa nguvu, na nikasikia nyuzi zikikatika kama mvua inayoanza kwenye bati. Labda mia moja, labda mia mbili. Nilichanganyikiwa. Ncha zilikuwa zimechanika ovyo, nikafikiri zikiwa sawasawa haitaonekana vibaya. Nikachukua mkasi wa Mama nikazipunguza ncha zote mstari mmoja. Nilifanya vile kwa akili ya kitoto, lakini ni mkasi ule uliokuhukumu wewe. Baba alipoona, akasema hii si ajali, huu ni mkono wa mtu. Na usiku uliotangulia mlikuwa mmegombana kwa sababu ulitaka kwenda viwandani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Nilifungua mdomo. Sikutoa sauti. Nilijiambia kesho nitasema, na kesho wewe hukuwepo.

Kila ulipopiga simu ukiuliza, “Mdogo wangu, unataka nikuletee nini?” ndiyo maana sikuwahi kutaka kitu.

Nilimwambia Baba yote pale kwenye treni. Akayakunja maganda ya chungwa kwenye leso, akatazama dirishani mpaka tulipofika Lalitpur. Tuliposhuka akakaa kwenye benchi la stesheni, basi la Chanderi likajaa, likaondoka, na la pili pia. Kisha akaniuliza, “Siku ile alisema si yeye mara ngapi?” Nikasema mara tatu. Akatikisa kichwa. “Nilisikia zote tatu,” akasema. “Mara ya tatu nilijua anasema kweli. Lakini mkono ulikuwa umeshapiga, na majirani walikuwa wanatazama.”

Nilikuwa sijui, kaka. Miaka yote nilidhani mzigo ni wangu peke yangu.

Nikamwambia tukupigie simu uje. Akakataa. Akasema mkubwa akikosa ndiye anayetoa nauli. Jana amekata tiketi mwenyewe, anakuja Surat, atashuka stesheni yenu Alhamisi ya wiki ijayo asubuhi. Ameniamuru nisikuambie, anaogopa utaondoka nyumbani. Mimi nimekuambia, kwa sababu mara ya mwisho hukupewa nafasi ya kujiandaa. Ana shinikizo la damu, asipande ngazi haraka, na chai yake isiwe na sukari hata akibembeleza.

Atakuja peke yake. Mimi sijaomba kuja naye. Kunisamehe au kutonisamehe ni haki yako, wala usiharakishe kwa ajili ya Baba au ya udugu. Bi Vasundhara ameagiza nguo nyingine tatu za majani yale, na nimemwambia sianzi mpaka mwenye mchoro aseme ndiyo au hapana. Ukisema hapana, nitaziba shimo la kitanda mwenyewe.

Mpe salamu wifi. Wabusu watoto, na usiwaambie bado shangazi yao ni mtu wa namna gani, mpaka uwe umeamua.

Nakuombea heri,
mdogo wako,
Tarannum