Kaka Yasini, Kata Ule Mpira

Kaka Yasini,

Shikamoo. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu simu yako uliiacha dirishani siku ulipoondoka, na huko ulikokwenda naambiwa hutumii jina lako. Nakala za barua hii nimewapa madereva wanaoshuka mlima Sekenke. Wengine wataisoma kabla yako. Waisome tu, maana inawahusu.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Unaikumbuka pikapu ya baba kabla hujaigusa? Bluu iliyopauka, na kainjini ka petroli kalikochoka kabla ya baba mwenyewe. Tukitoka Issuna kwa kina mama na magunia ya vitunguu, kikija kilima inaanza kukohoa, mimi na wewe tunashuka kusukuma, na baba anatoa kichwa dirishani, "Sukumeni, acheni kucheka!" Ndipo tunazidi kucheka. Vumbi la barabara ile lilijaa kwenye filta ya hewa mpaka ukasema ukiikung'uta utapata udongo wa kupandia mchicha. Mama alicheka siku hiyo akashika mbavu, akakujibu kwa Kinyaturu maneno ambayo baba, mtu wa ukoo wa Pangani, hakuyaelewa mpaka leo.

Nimeandika "mpaka leo" kana kwamba baba yupo. Niache hivyo hivyo.

Wewe ndiye uliyemwambia, "Baba, hii gari niachie mimi. Nitakupa gari ambayo haitasukumwa tena." Ukaleta injini ya dizeli kutoka kwenye lori dogo lililokuwa limelala kwa wauza vyuma chakavu, na giaboksi yake. Ukaviteremsha uani kwetu Utemini, majirani wakaja kuangalia kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga. Baba alikaa kwenye kiti chake, akaiangalia ile injini muda mrefu.

"Inapumua?" akakuuliza.

"Kidogo tu, baba. Injini ya mtumba haikosi kupumua."

Nakumbuka kazi ile yote, kwa sababu nilikuwa nakushikia vitu. Nilikushikia lile bamba la chuma ulipokuwa unalichora kwa chaki, ulitoboe ili injini na giaboksi vikubali kukaa pamoja. Vilikataa. Ukalipiga tupa, ukalipima, ukalirudia. Mwishowe vikakubali, lakini klachi haikuwahi kuwa nzuri. Ukiikanyaga mpaka chini, kuna kitu bado kilikuwa kimeshikilia kule ndani. Ulisema itazoea.

Kisha ukakata boneti, ukapandisha bomba la hewa pembeni ya kioo cha mbele, upande wa kushoto, hadi usawa wa paa, ili injini ivute hewa ya juu, mbali na vumbi. Ulilichomelea kwa mshono wako ule uliosukwa kama ukili wa mkeka. Hakuna fundi mwingine Singida nzima mwenye mshono ule. Na kwa kuwa injini ilikuwa inapumua, inatoa moshi wa oili na kudondosha matone uani kwa mama, ukachukua mpira, ukaunganisha ile pumzi yake moja kwa moja kwenye bomba jipya la hewa.

"Mwaju, njoo uone," ukaniita. "Haidondoshi hata tone. Njoo uone usafi."

Nilikuja. Niliuona usafi. Kaka, ule mpira nauota.

Safari ya kwanza ilikuwa kama harusi. Tulijaza magunia, tukakipanda kile kilima bila kushuka mtu, na baba akapiga dashibodi kwa kiganja, "Huyu mtoto! Huyu mtoto!" Mama alitupokea kwa vigelegele. Ukazima gari, ukachomoa ufunguo, ukaurusha juu na kuudaka. Injini ikaendelea kunguruma. Kidogo tu, kama mtu anayemalizia sentensi, halafu ikanyamaza.

Tulicheka. "Haijashiba safari," ulisema.

Baada ya hapo ilikuwa inarudia mara kwa mara, na kila mara ilichelewa zaidi kunyamaza. Kisha ikaja ile siku ya mnada Issuna. Ulichomoa ufunguo na injini ikapandisha sauti badala ya kushusha. Ikalia, ikalia, moshi mweupe ukafunika wauza kuku, watu wakatupa vikapu wakakimbia. Na wewe uliyekuwa na ufunguo mkononi ulionekana mdogo ghafla, kama umeshika kitu kisicho na maana. Ndipo ukarukia tairi, ukachukua gunia, ukaziba mdomo wa bomba la hewa. Injini ikatetemeka, ikakata. Watu wakakupigia makofi.

Baba hakupiga makofi. Alisubiri moshi uishe, akakusogelea.

"Umeizima. Lakini iligoma kuzimika kwa nini?"

"Ni nozeli za kupulizia dizeli, baba. Nitazibadilisha."

"Una uhakika?"

"Baba, mimi ndiye niliyeifunga."

Ukabadilisha nozeli. Ikatulia kwa muda, tukajisahaulisha. Lakini mimi nilimwona baba. Alikuwa akipita uani anasimama karibu na lile bomba, anapima kwa mkono umbali kutoka dirisha la abiria hadi mdomo wake. Nilidhani anashangaa kazi yako. Kuanzia mnada ule hakukubali tena mtu mwingine akae dirishani. Mimi nilikaa katikati, yeye upande wa bomba. Wewe ulidhani ni uzee, anataka upepo.

Sasa nifike Sekenke. Najua hutaki. Nami sitaki. Ila kuna jambo liko kule ambalo wewe hulijui, kwa sababu macho yako yalikuwa barabarani na masikio yako yalijaa ile sauti.

Tulikuwa tumebeba vitunguu vya kupeleka Igunga. Asubuhi nzuri, anga safi. Juu ya mteremko ukaingiza gia nzito, kama inavyotakiwa. Tukaanza kushuka, na katikati ya kona mbili nikasikia harufu ya oili inayoungua. Halafu pikapu ikatusukuma mgongoni. Ulikuwa umeachia mafuta kabisa, nilikuwa naliona kanyagio liko juu, na bado gari ilikuwa inaongeza mwendo.

Ulichomoa ufunguo. Hakuna. Ukakanyaga klachi, haikuachia. Ukavuta gia kwa mikono miwili, ikakataa kutoka, na kwa sekunde hizo mimi ndiye niliyeushika usukani. Breki zikaanza kunuka. Nilikuona unazikanyaga hadi ukanyanyuka kwenye kiti. Moshi ulikuwa nyuma yetu kama ukuta. Na mbele, kule chini kwenye kona, basi lilikuwa linapanda. Nililiona lilivyojaa.

Baba alikuwa ameshavua koti. Alijitoa dirishani mpaka kiunoni, akalisokomeza koti kwenye mdomo wa bomba, akalishikilia kwa mikono yote miwili maana injini ilikuwa inalivuta na kulitapika. Mimi nilimkumbatia kiuno. Ukuta wa mlima ulikuwa kushoto kwetu, na wewe ukaanza kuusogelea ili gari isuguane nao, isimame kabla ya basi.

Najua unachoamini. Ulikisema mara moja tu, msibani, ukimwambia shehe, na mama akakusikia nyuma ya pazia, akanisimulia: kwamba ulibana kushoto bila kuangalia, kwamba hukujua kuwa baba yuko nje, kwamba mkono wako ndio uliomuua. Kabla matanga hayajaanuliwa ukawa umeondoka.

Sasa nisikilize mimi niliyekuwa katikati. Baba aliuona ukuta. Aligeuza uso akaangalia mbele, akaliona basi, akauona mwamba unavyokuja. Nilimvuta ndani kwa nguvu zangu zote. Alinipiga teke, kaka. Baba, ambaye hajawahi kunipiga maishani, alinipiga teke nimwachie. Kisha akapaza sauti, "Bana kushoto, Yasini! Bana!" Hukumsikia. Injini ilikuwa inalia kuliko sisi wote. Ulibana kwa akili yako mwenyewe, sekunde ile ile aliyokuamuru. Injini ikakata mikononi mwake, gari ikashikwa na gia, na mwamba ukawa umefika.

Basi lilipita. Nilimwona mama mmoja dirishani amemlaza mtoto begani, hajui lolote.

Ningekueleza haya mapema, ila nilikuwa hospitali nimefungwa mkono, na niliporuhusiwa kutoka chumba chako kilikuwa kimefagiliwa.

Pikapu ilivutwa hadi mjini. Fundi Rajabu, yule jirani yetu mwenye gereji, ndiye aliyeifungua, nami nilisimama pale. Alifungua lile bomba lako la hewa akaingiza kidole, kikatoka kinachuruzika oili. Akaufuata ule mpira hadi mwisho wake.

"Injini ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe," akaniambia. "Pumzi yake imerudishwa mdomoni, tena bila kitu cha kuchuja oili. Ikishuka mlima kwa gia nzito inavuta sana, oili inapanda, inaungua kama dizeli. Ukikata dizeli, yenyewe haina habari. Ina chakula chake."

"Kwa hiyo si nozeli?"

"Nozeli hazihusiki. Huyu aliyefunga alitaka isichafue. Alifanya kwa usafi."

Basi ndiyo hivyo. Huo mpira, unaokatwa kwa kisu cha jikoni. Nilijiambia angalau umekwisha, gari ni chuma chakavu, na wewe popote ulipo unakaa mbali na spana.

Juzi nilikuwa soko la vitunguu hapa mjini. Msimu umeanza kama unavyoujua, magari yamejipanga, magunia yanapakiwa. Pikapu nyeupe ikaingia. Imekatwa boneti. Bomba limepanda pembeni ya kioo, upande wa kushoto. Nikasogea, na kabla sijafika nilishauona mshono ule kwa mbali. Ukili wa mkeka.

Dereva akachomoa ufunguo. Injini ikaendelea kunguruma kidogo, kisha ikanyamaza. Akacheka.

"Haitaki kulala hii," akasema.

Nilimshika mkono mtu nisiyemjua, katikati ya soko. Nikamuuliza nani kaifunga. Akasema kuna fundi huko chini, ukishapita Shelui. Mpole, haongei, wanamwita Mkimya. Anafunga injini za malori kwenye pikapu kuukuu. Kazi yake safi, haidondoshi hata tone. Nilimwomba afungue boneti. Mpira ulikuwepo, umefungwa vizuri kabisa kwa bendi mbili za chuma.

Nilimpeleka kwa Fundi Rajabu, akaukata ule mpira na kuuelekeza chini, udondoshe oili barabarani inavyotaka. Dereva alisimama ananiangalia nikilia, akaona aibu kwa niaba yangu. Alipotaka kuondoka akasema, "Dada, usidhani ni yangu peke yake. Zipo nyingine. Wiki hii zote zinapanda kuchukua vitunguu."

Zikipanda hazina shida, kaka. Zitashuka.

Tangu juzi sikai nyumbani. Nasimama pale magari yanapotoka mjini kuelekea Iramba na Sekenke, naangalia kushoto mwa kila kioo. Mbili nimezisimamisha. Moja dereva alinisikiliza. Mwingine aliniitikia "sawa, dada" kwa adabu, akapandisha kioo akaondoka, na magunia yalikuwa yamefungwa hadi juu ya paa. Namba yake sikuiwahi. Nilibaki nikisikiliza mpaka sauti ikaisha, na sijui ikaishia wapi.

Mama ananiuliza ninakwenda wapi kila asubuhi. Namwambia sokoni. Hajui kwamba Mkimya ni wewe. Akijua uko karibu hivyo atatembea kwa miguu kukufuata, na magoti yake hayafiki hata stendi. Ukirudi atakupokea, hilo sina haja ya kukuapia. Lakini kurudi kunaweza kusubiri. Wale hawawezi kusubiri. Wewe ndiye unayejua ni pikapu zipi, za nani, zinalala wapi. Mimi najua mshono tu.

Watafute leo, kabla hujala. Ufungue kila boneti uliyowahi kuikata.

Baba hukumuua, Yasini. Nilikuwepo, na nitalisema hilo popote nitakapoulizwa. Ulichofanya uani kwetu ulikifanya bila kujua, na sijawahi kukuhesabia.

Ila kuanzia leo unajua.

Mdogo wako uliyemwachia mama,
Mwaju