Dawa za Muqaddas Zilizotupwa

Margilan,
14 Mei

Mpendwa mdogo wangu Odiljon,

Assalamu alaykum. U mzima huko Urusi? Kile kifua kimepona? Huku sote wazima, isipokuwa mkeo Muqaddas. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huna neno ila "msikilizeni Mama".

Haya, tulimsikiliza. Unajua litiamu, ile dawa yake ya maradhi ya akili, humtetemesha mikono kidogo. Walipokuja wazee wa upande wa baba, akawamiminia chai kama mkamwana anavyopaswa, ikamwagikia joho la shangazi. Wageni walipoondoka Mama akazitupa dawa zote chooni. "Watasema tumeoa mgonjwa!" Ni mgonjwa, Odiljon. Na Mama huyohuyo hakosi kidonge chake cha sukari hata siku moja.

Wiki mbili Muqaddas hakulala, anashona na kuimba. Mama akachekelea, eti kapona. Kisha Muqaddas akaacha kushona na kuimba, akaanza kuwagawia wasichana wa mtaa nguo zake za hariri, hata ile ya harusi. Mama akajisifu kwa majirani kuwa ana mkamwana mkarimu. Mkarimu! Mtu anaaga, nyie mnapiga vigelegele!

Asubuhi moja nilimuuliza waziwazi, "Wifi, unataka kufa?" Mama akanifokea, "Koma! Unamtia maneno kichwani!" Muqaddas akalia mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. "Ndiyo, wifi. Nimechoka." Ukoo mzima wenye midomo mipana namna hii, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sikumwacha peke yake hata dakika moja. Tulikwenda hospitali asubuhi ileile. Daktari amemrudishia dawa, akasema mitetemo hupunguzwa kwa kurekebisha kipimo, si kwa choo. Aliuliza nani alizitupa. Niliona haya kumtaja mama yangu.

Sasa yuko kwangu. Dawa nazitunza mimi, napima maneno yangu, nakaa naye. Jana kala pilau, sahani nzima. Mama haji hapa mpaka ajifunze kunyamaza.

Nisalimie binamu Yuldosh na wenzako wote. Mola akulinde kazini, akupe na haya kidogo.

Nilisahau: daktari alitaka jina la mtu wa kupigiwa simu saa yoyote akizidiwa. Muqaddas alitaja langu. Nikamuuliza, na la Odiljon? Akasema liachwe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Hurshida